Njoo Jumatano

Taa ya Bi Mwanashuri ililetwa ndani ya boksi la viatu
lililoviringwa kanga kuukuu.
"Ya uso," akasema,
macho yake yakihesabu redio za watu kwenye rafu.
"Ya binti yangu. Haiwaki."

Niliifungua saa ileile. Waya mmoja tu, mwembamba,
umeachia bodi.
Kazi ya tone moja la lehemu
na pumzi unayoizuia mpaka lishike.
Ikawaka. Ningempigia simu kabla ya adhuhuri.

Sikupiga.

Hapa kwetu Tanga ukitaja chunusi, sharti ueleze yupi:
wa majini, anayevuta miguu ya waogaji,
au wa mashavuni.
Mimi wangu wa mashavuni, naye huvuta vilevile.
Huvuta kofia ishuke.
Huvuta mkono uje kufunika kidevu
mteja akiuliza bei ya kioo cha simu.

Nimepaka liwa. Nimepaka manjano, nikatoka kama mwali.
Nimepaka dawa ya meno,
na mate ya alfajiri kabla sijasema na mtu.
Shangazi yangu Mwantumu ana dawa moja tu:
"Oa, zitakwisha."
Kaka yangu alioa.
Zake zipo palepale, na madeni juu.

Basi jioni, nikishateremsha bati la kibanda,
nilivuta pazia, nikalala chali kwenye benchi
katikati ya feni zisizo na mapanga.
Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina,
lakini picha haina lugha:
mtu kafumba macho, mshale, namba kumi.
Kumi buluu. Kumi nyekundu.

Buluu haina joto. Hilo lilinishangaza;
kila dawa niliyowahi kuijua
ilianza kwa kuniwasha, ikiniambia ndiyo inafanya kazi.
Hii ilikaa tu usoni, kimya,
kama mgeni aliyekatazwa kugusa kitu.
Nyekundu ndiyo hupenya kope.
Unajiona ndani, rangi ya komamanga,
na harufu ya lehemu bado iko vidoleni.

Jumatano akaja. "Spea imekwama Dar."
Jumatano ya pili. "Transfoma, mama."
Ya tatu nikataja jina la kifaa
ambacho hakijatengenezwa duniani.
Mji wetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo;
taa ile ilikuja, ikapata makazi.

Barabara ya Kumi na Tatu haina siri.
Waliona buluu ikivuja chini ya bati,
kisha nyekundu, kisha giza.
"Fundi anafuga," wakasema,
na muuza kahawa akahamisha birika lake upande wa pili.
Usiku mmoja LUKU ilikata katikati ya nyekundu.
Nikalala vilevile gizani, nikagusa shavu,
na kidole, kwa mazoea, kikatafuta pa kutumbua,
kikazunguka, kikarudi.

Sisemi zote. Kidevu kingali kidevu.
Lakini wiki ya sita kofia ilibaki msumarini
na mimi nimo dukani mchana kweupe,
nikimtazama mteja machoni,
nikimtajia bei bila kuinama.

Ndipo akaja Jumatatu, siku isiyo yake.
Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma mita.
"Fundi. Uso umetulia."

Nilitoa boksi. Nikasema elfu tatu,
sauti yenyewe ya kuibia.
Bi Mwanashuri, anayepatana mpaka bei ya chumvi,
akaweka elfu tatu juu ya meza, akazinyoosha.

Hakuondoka.
Nikakumbuka anachojua mtaa mzima:
ana wavulana watatu, binti hana.
Akatazama barabarani, huku, kule,
akalegeza mtandio kidogo chini ya taya.
Zilikuwapo, zimepangana kama shanga.

"Buluu," akanong'ona,
"ulikaa dakika ngapi?"