Ukurasa wa Arobaini na Moja

Walinipa kitabu cha mpango kabambe, kizito kama tofali,
nikitafsiri kabla ya Ijumaa.
Nilikwenda vizuri, mitaro, barabara, majitaka,
hadi ukurasa wa arobaini na moja
Mwingereza aliponirushia maneno sita kwa mkupuo,
yote yakimaanisha, nadhani, pale mji unapokoma.

La kwanza limevaa sketi. Kweli, sketi imo ndani yake:
nikauona mji umeketi juu ya mawe ya Bugarika,
sketi imetandazwa hadi Kishiri, imeshika vumbi.
La pili lina makali, yale yale ya kukatia sato.
La tatu ni matamvua ya shuka,
nyuzi ambazo watoto huzisokota mpaka zinakatika.
La nne ni ule mstari mwekundu wa daftari
ambao mwalimu Magafu alitukataza kuuvuka,
nasi tukachora kuku upande wa pili.
La tano ni duara, mali ya watu wa bikari.
La sita lina nyasi zilizokatwa sawasawa, geti jeusi, mbwa.
Hilo nililijua. Nilipeleka maziwa Kapripointi miaka miwili.

Kamusi ikanijibu yote sita kwa neno moja: pembezoni.
Pembezoni, pembezoni.
Ukilirudia sana linageuka jina la dawa ya kikohozi.

Nikampandia shangazi, Nkwimba binti Luhende,
Kishiri, kwenye nguzo ya mwisho ya umeme
(za mbele yake zimelala chini tangu uchaguzi, mbuzi wanazikalia).
Hapa panaitwaje?
"Kwa Masalu."
Si jina la mtaa, shangazi. Aina ya mahali.
Akanitazama kama niliyeuliza kabila la mate.

"Hapa ni pale bodaboda anaposema, mama, ongeza mia tano.
Kule bondeni ni pale bomba linapokohoa usiku wa manane,
ndoo moja, basi.
Juu, penye mawe, ni pale mgonjwa anapoteremshwa na kiti chake.
Andika."

Na ziwani? Kule Igombe kwa mdogo wako?
Akacheka hadi akashika ubavu.
"Kule ukingo hautulii!
Wapima walihesabu mita sitini kutoka majini,
wakasimika jiwe la saruji, wakanywa soda.
Mwaka wa mvua zile ziwa nalo likahesabu za kwake,
likalala kitandani kwa Mbula,
likamwachia magugu mlangoni na kambare ndani ya sufuria.
Jiwe lao sasa limesimama majini.
Mnandi hulikalia akianika mabawa."

Muda wote huo alikuwa anakunja nguo.
Akaikunjua khanga moja kuukuu, akaitandika mkekani.
"Hapa katikati panaitwaje?"
Mji. Nani asiyejua kwamba katikati ya khanga ni mji?
"Na huku kunakozunguka?"
Pindo.
"Haya. Na jina la khanga limeandikwa wapi?"

Sikujibu. Nilikwisha kuliona,
herufi zimepauka, chini kabisa, zimeegemea pindo:
LA KUSEMA NINALO ILA
na baada ya hapo jiwe la kufulia lilikwangua.
Nikamwuliza ila nini.
Alisema amesahau, akanipa karanga za njiani.

Niliteremka kwa miguu, taa za Igoma zikiwa mbali,
nikijaribu kukamata hatua ambayo naingia mjini.
Palikuwa na kinyozi, kisha shimo la kokoto,
kisha kinyozi mwingine, ukuta, mahindi, kanisa la mabati.
Kama niliivuka, haikunigusa.

Ijumaa nikawasilisha kazi.
Ukurasa wa arobaini na moja: pindo, mara sita.

Jumatatu ukarudi. Afisa kaweka mviringo mwekundu kila mahali,
na maoni yake, kwa mwandiko mdogo uliobanana,
kayaandika nje ya mstari, ukingoni mwa karatasi,
ambako ndiko palipobaki nafasi:
*Hii ni idara ya ardhi. Si ya ushonaji.*