Sekunde Nne za Kushikilia

Dada yangu Graciete hukaa mwanzo wa mkanda,
mimi hukaa mwisho.
Kati yetu kuna mita kumi na nane,
nyumba ya marehemu baba iliyouzwa,
na miaka sita bila hata salamu.

Kiwanda kiko Marinha Grande, kando ya msitu wa misonobari
uliowahi kuungua hadi majivu yakatua juu ya magari yetu.
Mji huu ulikuwa wa vioo. Baba alipuliza chupa
mpaka mashavu yakamlegea kama soksi kuukuu.
Sisi wanawe tukaingia kwenye plastiki,
na hilo nalo hakutusamehe upesi.

Kazi ya Graciete ni hii:
anaketisha kopo kwenye kishikio, mdomo juu.
Kichwa cha mashine kinakidaka kifuniko,
kinakizungusha kwa kasi hadi jicho linadhani kimetulia,
kisha kinakishusha juu ya mdomo wa kopo.
Hakuna moto. Hakuna gundi. Hakuna skrubu.
Ni kusuguana tu, ukingo kwa ukingo,
mpaka vyote viwili vinaishiwa ukaidi
na kuanza kuyeyuka.

Halafu mashine inasimama ghafla.
Hapo ndipo wageni hukosea, wakadhani kazi imekwisha.
Nélio, mhandisi kijana kutoka Leiria,
alitaka sekunde nne za kushikilia ziwe mbili:
makopo mia tatu zaidi kila zamu.
Graciete hakumwinulia hata macho.
"Kuzunguka hakuungi kitu, kijana.
Kinachounga ni kutulia
huku umeng'ang'ania, mpaka joto liishe."
Nilisikia. Nikajifanya nahesabu.

Kazi yangu mimi ni maji.
Nalizamisha kopo ndani ya tangi, naligandamiza, natazama.
Kiputo kimoja, hata kiwe kidogo kama yai la chawa,
nalichorea duara jekundu, nalirudisha kwake.
Damu ni nzito kuliko maji, husemwa.
Mimi nalipwa kuyaamini maji.

Miaka sita tumeongea hivyo.
Yeye: kopo. Mimi: duara, au kimya.
Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana,
wapo waliotuambia hivyo msibani, wakila biskuti zetu.
Hawakujua kwamba plastiki za aina mbili,
hata ukizisugua mpaka alfajiri, hazishikani,
zinachafuana tu.
Kuna usiku nilijiuliza kama sisi ni aina moja.

Jumanne iliyopita, saa tisa usiku,
likaja kopo linalogongagonga.
Kitu kidogo ndani. Kigumu.
Nikalizamisha. Nikaligandamiza kuliko kanuni inavyotaka.
Hakuna kiputo.
Mshono umezunguka mzima, na ule uzi mwembamba
wa plastiki iliyofurika nje ikagandia hapo hapo.

Kanuni inasema: kitu kigeni ndani, likatwe, litupwe.
Nikatazama mwanzo wa mkanda.
Alikuwa ameinama, anafuta kichwa cha mashine kwa kitambaa,
anafuta, anafuta,
na kilikuwa safi tangu zamani.

Sikuchora duara.

Liko juu ya friji yangu sasa, karibu na bili ya gesi.
Huenda ni ufunguo wa mlango wa nyuma,
ule nilioapa mbele ya wakili kwamba yeye ndiye aliuficha.
Huenda ni gololi ya kijani
aliyoiviringa baba kwa masalio ya chupa,
tukaigombania hadi nikampasua mdomo; nilikuwa na miaka tisa.
Huenda ni nati tu iliyochomoka,
na mimi ni mjinga mwenye friji.

Msumeno ninao.
Lakini kopo la namna hii halifunguliwi, huvunjwa,
na yeye alilijua hilo alipokanyaga pedali.

Jana asubuhi tulitoka pamoja, ukungu umelala barabarani.
"Linavuja?" akaniuliza.
Nikasema, "Halivuji."
Tukasimama pale kituoni, makoti yamefungwa hadi kooni,
hakuna aliyesogea.
Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu.
Basi likaja.