Orodha Nyuma ya Risiti ya Famasi

Bogumił ameandika orodha nyuma ya risiti ya famasi,
mwandiko wa dereva, herufi zimesimama wima
kama abiria wa saa kumi na mbili asubuhi:
kichakataji, ubao mama, kumbukumbu, diski mbili,
kadi ya picha, na hapo ameweka alama ya kuuliza,
halafu kasha: lolote, bora lisiwe na mataa.

Ameendesha tramu hapa Łódź hadi kustaafu.
Miaka kumi na mmoja ya mwisho alifunga kamera
kwenye kioo cha mbele, asimwambie mtu.
Sasa video elfu mbili na ushei
zimelala ndani ya boksi la viatu vyangu vya harusi,
na kompyuta yetu ya zamani ikifungua moja tu
inahema, inaganda,
inamwacha dereva katikati ya makutano.

Nje theluji imegeuka tope. Dukani kuna joto la feni.
Muuzaji ni binti, Jagoda, kucha za kijani,
anaongea na mume wangu taratibu
kama anayemvusha barabara.
Viini vingapi, anauliza, vinane? Kumi na sita?
Bogumił ananitazama.
Mimi viini ninavyovijua ni vya mayai,
na keki yangu ya Pasaka hula kumi na viwili.
Basi kumi na viwili, anasema Jagoda, vipo.

Kumbukumbu sasa. Gigabaiti thelathini na mbili, au sitini na nne?
Hii, anatufafanulia, ukizima umeme inasahau yote.
Nikamwambia, ya namna hiyo ninayo nyumbani,
inavaa soksi zisizolingana, na sikuilipia hata senti.
Jagoda akacheka hadi akakosea hesabu.
Bogumił hakucheka. Alikuwa amefika kwenye umeme.

Kwenye umeme hashauriki.
Mpwa wetu Ziemowit alisema wati mia sita zinatosha;
yeye anataka mia nane na hamsini.
Anamsimulia binti wa watu juu ya Januari ile
nyaya zilipovaa barafu, tramu ikamfia mlimani
na watu sitini ndani, na mkunga mmoja, amechelewa.
Umeme haufanyiwi ubahili, anasema,
na kwa mara ya kwanza leo sauti yake ina kengele.

Ikabaki alama ya kuuliza.
Kadi ya picha, bei yake ni jino langu,
lile la nyuma, nililoliwekea akiba tangu kiangazi.
Nikapitisha ulimi kwenye pengo.
Pengo lilikuwa limeshanizoea.
Nikasema: weka.

Siku mbili meza ya jikoni haikulika chakula.
Skrubu moja tuliikuta kwenye kopo la sukari.
Gundi ya kupoza joto, tone la ukubwa wa dengu,
alilipaka akiwa ameshika pumzi.
Kisha kikawaka, kimya, bila mataa,
na barabara ikatiririka juu ya kiwambo
kama maji yaliyopata mfereji.

Usiku wa tatu akaniita.
Mtaa wetu, vuli, majani kwenye reli.
Kituo. Na pembeni mwa kioo naibuka mimi,
koti la kahawia, mfuko wa viazi,
mkono juu, nakimbia.
Tramu inapiga kengele. Tramu inaondoka.

Hukuniona? nikauliza.
Nilikuona, akasema. Nilikuwa nimechelewa dakika mbili.

Akashika kipanya, akairudisha nyuma.
Mashine mpya haikukwama hata kidogo:
tramu ikarudi kinyumenyume hadi kituoni,
ikasimama, ikanisubiri,
nami nikashusha mkono
nikakimbia kinyumenyume na viazi vyangu
hadi nikatoweka kwenye picha.

Hapo, anasema, sijui nikate wapi.