Mpangaji wa Chumba cha Uani

Alikuja na masika, na masanduku mawili:
moja la nguo, moja la spana.
La spana lilibebwa na vijana watatu.
Oreste, alisema, akajigusa kifuani
kama anayehofia jina limebaki uwanja wa ndege.
Nikampa ufunguo,
nikamwonyesha bomba,
na ndoo ya siku ambazo bomba linanuna.

Kabla ya safari alikuwa amefungua kamusi,
akalitafuta jina la mji wetu.
Moshi. Akafurahi.
Akadhani anakuja kwenye mji kama wao,
mto mmoja, kanisa moja, dohani kumi na nne
(alinichorea nyuma ya bili ya maji).
Akakuta migomba, na mlima unaoonekana ukipenda.
Shose wa jirani alimfundisha kupiga kelele
"Umetoka! Mlima umetoka!"
na asubuhi moja ya Julai alitoka mbio
na povu la sabuni shavuni.

Kiwanda cha ngozi kilimwita afufue mapipa,
yale ya mbao yanayozunguka usiku kucha
na ngozi za ng'ombe tumboni.
Sisi wa Njoro, upepo wa kule ukigeuka,
tunaanua nguo, tunafunga madirisha,
tunamlaani mwenyekiti wa mtaa ambaye hana kosa.
Yeye alitoka nje na singlendi,
akasimama kati ya kamba za nguo,
akavuta pumzi hadi mabega yakapanda,
macho kayafumba.
Nikadhani anaumwa.
"Nyumbani," alisema.
Lilikuwa neno lake la saba la Kiswahili. Nilikuwa nayahesabu.

Watoto aliwaamkia yeye.
Shikamoo, alimwambia Shose wa darasa la pili,
na Shose akaitikia marahaba bila haya.
Kesho yake walikuwa sita getini,
wamejipanga kama wa chanjo.
Nilipomsahihisha alicheka, akaendelea.
Kwao, alisema, hakuna tena mtoto wa kuamkia;
shule imefungwa,
sasa ni ghala la viatu.

Jumapili ndiyo ilimshinda.
Mtaa mzima umetoka ibadani, masufuria yanaongea,
na yeye kakaa kizingitini
anasugua spana iliyokwisha takata.
Nikampelekea machalari.
Msiite huruma.
Nina mwanangu Kaanaeli, mwaka wa tisa sasa,
yuko huko huko kwa akina Oreste,
mji mdogo, anachoma vigae kwenye tanuri,
mji ambao saa mbili usiku, anasema,
hata mbwa amejifungia.
Nilimuuliza kwa simu:
Jumapili yuko anayekugongea na sahani?
Alikaa kimya, nikasikia friji lake likinguruma.
"Mama, hapa wanasalimia vizuri."

Nikaongeza nyama kwenye sahani ya Oreste.
Nikaipunguza.
Nikairudisha.

Mapipa yalizunguka mwezi wa kumi na moja,
naye akaondoka, amelipa mwezi mzima kwa siku nne.
Aliniachia spana moja, namba ishirini na mbili.
Nimeijaribu kwenye mtungi wa gesi, kwenye kitanda,
kwenye baiskeli ya marehemu mume wangu.
Haifungui chochote nyumbani humu.

Upepo ukigeuka nafunga madirisha kama kawaida.
La uani huwa nachelewa.

Mpangaji mpya ni mwalimu, mtu wa Rombo, mtaratibu.
Siku ya kwanza Shose alisimama getini, mikono nyuma,
akasubiri.
Mwalimu naye akasubiri, kama inavyompasa.
Walitazamana kitambo.
Mwishowe mtoto akatoa shikamoo, ndogo, ya mdomoni,
akarudi kwao amenuna
kama aliyenyang'anywa cheo.