Sanduku la Mwanga

Mimi hutengeneza masanduku, Kamukunji,
ya bati, ya watoto wa bweni,
jina kwa rangi nyeupe kifunikoni.
Miaka tisa nimepiga nyundo nikijikuna.

Mabaka yalianzia kiunoni, chini ya mshipi,
yakashuka mapajani, yamefifia
kama bati lililopigwa msasa likisubiri rangi.
Duka la dawa likasema mapunye.
Zahanati ikasema ukurutu.
Shemeji yangu hakusema kitu,
ila kikombe changu kikaanza kuoshwa peke yake.

Na mikono yangu, iliyoungua jua
tangu nikiwa mwanagenzi, safi.
Uso safi. Shingo safi.
Maradhi yalikaa palipofunikwa na nguo
kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Daktari Chelagat ndiye aliyeuliza:
"Mbona hayatoki juani?"
Akakata vipande vinne, kila kimoja punje ya mtama.
Wiki sita nilingoja.

Limfoma ya ngozi. Saratani, ndiyo,
lakini si ile niliyoijua kwa matanga ya jirani.
"Ni chembe za ulinzi," alisema, "askari wa damu.
Walikuja kwenye ngozi wakasahau njia ya kambini.
Tumepima vinasaba: wote mama yao mmoja."
Nikacheka. Sokoni kwetu pia,
ukimshika kibaka mmoja, uliza ndugu zake.

"Zamani tungechoma nyumba tumuue panya.
Siku hizi tunajua hawa huenda polepole,
nasi tunawaendea polepole."

Basi Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
navua nguo zote, navaa miwani
(miwani naijua, hata ya kuchomelea ni nyeusi hivi),
naingia sanduku refu kunishinda.
Sista Kwamboka anafunga mlango.
Taa zinavuma kama mzinga.
Siku ya kwanza, sekunde ishirini na tano.
Nilidhani umeme umepotea.

Jamani, fundi wa jua kali
kuandikiwa mwanga kwa sekunde!
Wenzangu walicheka hadi nyundo zikanyamaza.
"Vua shati usimame hapa, uokoe nauli!"
Nikawaambia, jua la nje ni mchuzi,
lina kila kitu ndani;
la sandukuni limechujwa,
ukabaki uzi mmoja, na uzi huo
ndio unaowasaka wale ndugu.

Wiki ya kumi na nne mapaja yamerudi rangi.
Sijapona. Daktari halitumii neno hilo.
Husema "imetulia", huandika "imetulia",
kisha hunipa tarehe nyingine.
Jana usiku Kavutha alinipaka mafuta,
kidole kikasita juu ya nyonga:
"Hapa palikuwa na moja. Au ni hapa?"
Akatafuta. Akatafuta. Taa akaizima.

Kile kikombe, kwa shemeji,
kiliendelea kuoshwa peke yake.
Nimekichukua. Kiko karakana.
Natilia misumari.