Hesabu ya Joto

Fundi Raivo alikuja Jumanne, barafu haijafunga udongo,
akavua viatu mlangoni, akatandaza karatasi
juu ya meza ileile tunayoparia samaki.
Akauliza: vyumba vingapi, Bi Urve, vitakula moto?
Nikasema vitano.
Penseli yake ikasimama. Akatazama dari, akatazama
jozi mbili za viatu kando ya vyake,
vyangu na vya babu yako,
wala hakusema neno. Fundi mzuri huyo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, Kaupo, hesabu ya joto.

Boila itakaa bandani, si ndani ya nyumba:
babu yako hataki mnyama wa chuma
alale chini ya kitanda chake.
Kutoka bandani hadi ukutani ni mita kumi na nne.
Mtaro uende chini mita moja na robo,
maana huku Haanja baridi huchimba kuliko fuko.
Mabomba mawili yatalala humo yamevishwa kama vichanga,
moja lipeleke, moja lirudishe.
Tangi ni la lita elfu moja na mia tano,
upana wake sentimita tisini na tisa;
mlango wa banda una tisini na sita.
Nimepima mara tatu. Ya tatu nilipima kwa hasira.
Raivo anasema tubomoe ukuta.
Babu anasema tukate tangi.

Wahenga husema moto huzaa jivu.
Huu wetu tunautaka uzae maji,
maji yatembee usiku sisi tumelala,
yabishe hodi kwenye kila rejeta,
yarudi yamechoka, yapokewe, yaende tena.
Nimeyachora yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
mshale mwekundu unakwenda, wa buluu unarudi.
Kwenye karatasi kila kinachoondoka kinarudi.

Halafu kuni.
Boila hii haili kuni mbichi; ukiilazimisha
hulia machozi meusi ndani ya dohani.
Mbetula iliyopasuliwa leo haichomwi msimu huu,
wala ujao,
ni ule wa tatu.
Babu yako ana miaka themanini na tatu.
Asubuhi nilimkuta uani na shoka, kofia imekaa upande,
anapasua, anapanga, gome jeupe juu,
anapumzika kila gogo la nne.
Nikamwambia: baba, hizo ni za baridi ya tatu kutoka sasa.
Akasema: najua kuhesabu.
Akanipa gogo nimshikie.

Chumba cha tano ni chako.
Raivo anataka jibu kabla hajaagiza vifaa:
kilowati ishirini, au ishirini na tano.
Tofauti yake ni euro mia nne
na godoro moja lililosimamishwa ukutani.
Wewe uliniambia kwa simu kutoka Turku,
nyundo za kiwanda cha meli zikigonga nyuma ya sauti yako:
usikipashe, mama, ni hasara.
Ni kweli. Nimepiga hesabu. Ni hasara.
Dirisha lake linatazama kaskazini, ukuta wake mwembamba,
joto litaingia humo na kutoka
bila hata kuketi.

Basi sikia nilivyoandika.
Bomba litafika. Rejeta itafungwa, ndogo, chini ya dirisha,
na koki yake itakazwa
pasipite ila uzi wa joto,
digrii sita, saba,
bomba lisigande, vitabu vyako visiote ukungu.
Kwa hiyo ni ishirini na tano.
Raivo aliandika, akakunja karatasi, akainama kufunga kamba za viatu.
Ukuta wa banda anakuja kuubomoa Ijumaa.

Koki huzungushwa kushoto.
Haihitaji fundi.