Difu ya Barka

Ilianza kulia tulipopita Sumail:
mluzi mwembamba chini ya sakafu,
ukipanda na mwendo, ukishuka nikiachia mafuta.
Nikasema ni upepo.
Upepo haunuki oili iliyoungua.

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, spana tayari inachoma.
Tulifungua kifuniko, mimi na Gulzaman.
Oili ikatoka na vumbi la fedha
na jino moja la pinioni,
kama jino la mtoto ambalo hakuna aliyelirusha paani.

Mpya haipo. Gari ni ya themanini na sita;
imebeba mikate, imebeba mbuzi wa Idi,
humbeba mama kwenda kusafishwa damu, Jumapili na Jumatano.

Barka, ua wa vyuma chakavu, tukamkuta dada yake,
hana injini, hana hata mlango.
Gulzaman akazuia gurudumu moja,
nami nikazungusha la pili mara mbili,
tukahesabu propela: nne na kitu. Sawasawa na yetu.
Sleyum alitaka riali hamsini.
Kahawa, tende, arubaini.

Yuboliti ya mwisho ilikatika.
Yeye alitukana Kipashto, mimi Kipemba,
chuma kikatuelewa sote.

Jumatano nimepita Sumail vioo juu, nimetega sikio.
Kimya.
Mama kauliza, "Mbona leo gari haisemi?"

Ngoma moja ya breki ina rangi ya kijani,
mkono wa mtu nisiyemjua.
Sijaikwangua.